Karatasi ya mwaka 1319

Juzi msomaji mmoja wa Likoni, Mombasa, aliniandikia: "Kaka, tuna karatasi ya mirathi ya mwaka wa Uhuru, 1963, kwa herufi za Kiarabu. Nataka kuwajua wazazi wa babu. Nianzie wapi?" Nilimwomba anitumie picha. Jibu lenyewe ni refu, na linapita nyumbani kwetu, kwa sababu mwezi uliopita, baada ya miaka minne ya kutafuta, nimempata bibi aliyemzaa mamake babu yangu. Mimi ni kilembwe wake. Nalisema hilo kwa fahari, ingawa wako ndugu zangu ambao wangependa ninyamaze.

Tulilelewa na sifa moja: kwamba mamake babu alikuwa mtoto wa Mshihiri, yaani Mwarabu wa Hadhramaut, aliyekuja na jahazi. Jina lake lilikuwa la ua, likifuatwa na "binti Abdallah", na likitajwa harusini wazee wetu huinua vichwa. Basi mimi nilipoanza, nilimtafuta huyo Abdallah. Niliuliza mitaa ya Kibokoni na Kuze mjini Mombasa, nikaenda mpaka ofisi moja ambako karani aliniambia, bila hata kunitazama, kwamba karatasi za zamani zililiwa na mchwa. Nilitoka pale machozi yananilenga.

Kumbe karatasi niliyoihitaji, ya mirathi, ilikuwa nyumbani siku zote. Shangazi aliiweka ndani ya kasha, chini ya kanga mbili za marehemu nyanya. Imekunjwa mara nne, na kwenye mikunjo wino umefifia ukawa rangi ya chai. Juu pameandikwa mwaka: 1319. Nilichojua ni kwamba Hijra, kuhama kwa Mtume kunakoanzia kalenda ya Kiislamu, ilikuwa mwaka 622, nikajumlisha, nikapata 1941. Ndani ametajwa mtoto wa kike ambaye hajabaleghe, mwenye jina la mamake babu. Lakini mwaka 1941 mamake babu alikuwa mtu mzima mwenye wana wakubwa! Nikasema huyu ni mtu mwingine, nikaikunja, nikairudisha kashani. Ikalala huko miaka miwili.

Hilo kosa linaniuma mpaka leo, kwa sababu miongoni mwa wazee niliokusudia kuwauliza, wawili walifariki katika miaka hiyo. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kama 11, kwa hiyo kujumlisha tu hakutoshi. Chukua mwaka wa Hijria, ugawe kwa 33, utakachopata kitoe kwenye mwaka ule ule, halafu jumlisha 622. 1319 ukigawa kwa 33 ni kama 40. Toa 40, inabaki 1279. Jumlisha 622: 1901. Mtoto wa mwaka 1901 ndiye hasa mamake babu.

Niliipeleka kwa mwalimu aliyenisomesha chuo cha Kurani nikiwa mdogo. Akavaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa nne na hakukiondoa. Marehemu ni mwanamke, ameacha kibanda na minazi Kisauni. Nusu kwa binti yake. Nusu nyingine kwa mwanamume ambaye si mumewe, si kaka yake, si wa ukoo wake. "Unaona?" akaniuliza. Sikuona kitu.

Akanieleza taratibu. Binti akiwa peke yake hupata nusu. Angekuwepo mume hai, angepata robo yake, kwa hiyo mume hayupo. Nusu iliyobaki ingekwenda kwa ndugu wa upande wa baba, na hapa hakuna hata mmoja. Wakikosekana hao wote, anayerithi ni yule aliyemwacha huru marehemu. Hiyo inaitwa walaa. Mwanamume yule alikuwa bwana wake wa zamani. Na mtoto lazima alikuwa huru, maana mtumwa harithi.

Kisha akanionyesha lililokuwa mbele ya macho yangu: mama ni binti Abdallah, na mtoto naye ni binti Abdallah. Waliotoka utumwani bila baba anayejulikana waliandikwa hivyo mara nyingi, yaani mtoto wa mja wa Mungu. Nilikuwa nimepoteza mwaka mzima nikimtafuta mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Pembeni ya jina la mama pana neno moja dogo: Mnyasa. Yule bibi alitolewa mbali, huko upande wa Ziwa Nyasa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini pwani yetu hii utumwa haukuondolewa kisheria hadi 1907. Yeye alikufa kabla ya hapo, akiwa huru, na minazi yake mwenyewe.

Nilipowasomea nyumbani, ami yangu alisimama. "Wataka kutuvua nguo mbele za watu," akasema, akatoka. Mpaka leo salamu yangu haijibu. Nampenda na ninaumia. Lakini jamani, aibu hapo ni ya nani? Ya aliyeibwa utotoni, au ya waliolificha jina lake miaka 120? Tunasoma khitma kwa ajili ya Mshihiri wa kubuni, na aliyetuzaa hatumtaji. Hilo mimi siliwezi, na wewe usikubali kwenu.

Kwa hiyo anza na kasha la nyanya kabla ya ofisi yoyote. Usiamini "bin" na "binti" mpaka uyaone majina ya vizazi viwili pamoja. Mtafute mtu anayejua mirathi, si Kiarabu peke yake, na mwambie asome polepole, kwa maana waandishi wa zamani waliandika p kwa herufi ya b, na Pate huweza kusomeka Bate. Kama kwenu kulikuwa na shamba, uliza madai ya ardhi yaliyoletwa chini ya sheria ya 1908, kwani mdai alitakiwa aeleze ardhi ilimfikiaje. Na kama asili yenu ni Frere Town au Rabai, ulizeni vitabu vya ubatizo kanisani. Kituo cha wamishonari cha Frere Town, Mombasa, kilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya walioachwa huru, na nyaraka za wamishonari hao wa Kianglikana, CMS (Church Missionary Society), zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Wazee waulizeni sasa, wiki hii.

Dada wa Likoni, picha yako nimeiona. Mwaka ulioandikwa ni 1341, mkajumlisha 622 kama nilivyofanya mimi. Gawa kwa 33, toa, ndipo ujumlishe. Karatasi yenu ni ya 1922 au 1923.