Jibu: Kama kupima matiti kunasaidia, mbona jirani alipimwa na bado akafa?

Mleta mada, jirani yako wa Tabata aliambiwa yuko salama, mwaka haujaisha mkamzika. Poleni sana. Nakujibu mimi niliyekatwa titi la kushoto kwa saratani, na dada yangu nikamzika kwa hiyohiyo.

Kivimbe changu kilikutwa Oktoba, kwenye upimaji wa bure viwanja vya Mnazi Mmoja. Hata sikwenda kupima, nilimsindikiza shoga yangu. Nesi akapapasa, akapita, akarudi palepale, akaacha kupiga stori. Mamogramu (picha ya eksirei ya titi) ikatoa sentimita 1.5, kama njugu mawe. Tezi za kwapani safi. Kinyama walichokata kilipochunguzwa maabara wakakuta vipokezi vya homoni, yaani uvimbe unakuzwa na homoni, basi nameza tamoksifeni, dawa ya kuizuia homoni hiyo, kila usiku, mwaka wa nne sasa (joto lake usiombe, na hili la Dar juu yake).

Dada yeye aligusa uvimbe mwenyewe akioga. Zahanati moja ikamwambia jipu, akanywa antibayotiki miezi. Anafika Ocean Road, hospitali ya saratani, ngozi ya titi imeshakuwa kama ganda la chungwa. Vipokezi vya homoni, vyote viwili, hakuna; HER2 (protini inayochochea uvimbe kukua) hakuna. Aina hiyo inakwenda mbio, na sisi wanawake weusi inatupata zaidi.

Kuwahi kunapunguza ukubwa na kunaokoa tezi. Aina ya uvimbe hakuibadilishi. Tena kipimo hunasa zaidi zile za polepole, kwa kuwa zinakaa muda mrefu zikisubiri kuonekana. Kali huchomoza katikati ya kipimo na kipimo. Ya jirani huenda ilikuwa hiyo.

Halafu msidanganyike na "waliopimwa huishi miaka mingi". Mtu akigundulika 2020 badala ya 2023, akafa 2026, ataandikiwa miaka 6 badala ya 3, na siku ya kufa ni ileile! Cha kuhesabu ni vifo. Mumbai, India, walifanya hivyo kwa miaka 20, wanawake zaidi ya 150,000. Nusu yao walipapaswa na wahudumu waliofunzwa kila baada ya miaka 2, mara nne, bila mamogramu. Kwa wa miaka 50 na kuendelea, vifo vya saratani ya matiti vilipungua karibu asilimia 30. Chini ya 50 havikupungua.

Marehemu jirani yako ameacha mabinti? Waitafute karatasi ya majibu ya kinyama. Ikisema hasi zote tatu (vipokezi viwili vya homoni na HER2), kama ya dada, na mama aliugua angali kijana, waende nayo kwa daktari wamuulize habari ya urithi.