Bansko ilinitoboa mfuko kuliko Zermatt

Jumanne dada mmoja wa Birmingham aliniandikia: "Shikamoo dada. Tuna watoto watatu, wanataka kuona theluji ya kweli, siyo ya kwenye friji. Baba yao anasema twende Bulgaria, eti chakula kule ni kama bure. Mimi roho yangu iko Uswisi ila naogopa bei. Tupe ukweli."

Marahaba mdogo wangu. Ukweli ninao, na niliulipia.

Mimi risiti situpi. Kwenye droo ya jikoni hapa Munich nina bahasha mbili. Ya kwanza imeandikwa Bansko, Bulgaria, Februari 2024: siku sita, watu wazima wawili na watoto wawili, kula na kunywa leva 2,287. Leva, hela ya Bulgaria ya wakati ule, ilikuwa imefungwa na yuro kwa 1.95583, haipandi haishuki, kwa hiyo hiyo ni yuro 1,169. Ya pili ni ya Zermatt, Uswisi, Machi 2025: siku sita, watu walewale, faranga 548, kama yuro 575 hivi kwa wakati ule. Soma tena ukitaka. Sijachanganya bahasha.

Sasa msije mkasema nimeitukana Bulgaria. Bansko kweli ni rahisi. Kijijini nilikunywa kahawa kwa leva 3, supu na mkate leva 8, na orodha za bei zinazotolewa Uingereza mwanzoni mwa msimu huiweka miongoni mwa vituo vya kuteleza kwenye theluji vya bei ya chini kabisa Ulaya. Orodha hazidanganyi. Ila orodha inahesabu kahawa moja, bia moja, sahani moja. Haihesabu mara ngapi utaagiza kwa sababu "leva tu hizo".

Hilo neno nililisikia siku sita mfululizo. Tulikwenda familia tatu, sisi na mashoga zangu wawili na waume zao. Asubuhi ya safari nimetayarisha chupa yangu ya chai, ile kubwa ya lita mbili, shoga mmoja akaiangalia akacheka: "Mwenzetu, unakwenda kuskii au unakwenda kukesha matanga?" Wote wakacheka. Nami nikacheka, nikairudisha kabatini. Ile chupa ya chai ndiyo hesabu yote ya makala hii, kama una haraka unaweza kuishia hapa.

Basi tukawa watu wa mehana. Mehana ni migahawa ya Kibulgaria ya mbao na mawe, moto unawaka, wapiga muziki wanazunguka kati ya meza. Chakula kinaletwa kwenye sach, sinia la udongo lililopashwa moto mpaka nyama na viazi vinachemka mbele yako, mafuta yanaruka kwenye mkono wa shati. Ni raha, siwezi kusema uongo. Mchana tunakula juu mlimani, jioni mehana, katikati chokoleti ya moto ya watoto, rakia, pombe kali ya matunda, ya wakubwa, chipsi za "tusubiri kidogo foleni ipungue". Kulipa tulikwenda kwa zamu, familia moja usiku mmoja. Zamu za wenzetu zilitoka leva mia tatu na kitu. Yetu ikaangukia usiku wa mwisho, ule ambao kila mtu anajisikia kuaga. Watu kumi na wawili, wakaagiza kapama, chungu cha nyama na kabichi iliyochachushwa kinachopikwa saa nyingi, ndiyo fahari ya Bansko. Wakaagiza na mvinyo. Leva 612. Sijasema neno mpaka leo. Na najua wanasoma hapa.

Turudi nyuma kidogo ili muelewe kwa nini zile kejeli za matanga ziliniingia.

Mara yetu ya kwanza kwenye theluji ilikuwa Tirol, Austria, 2019. Tulifika Jumamosi saa 1 usiku na gari limejaa watoto na mifuko, tukijua tutanunua chakula tukifika. Austria maduka hufungwa Jumamosi saa 12 jioni, na Jumapili mengi hayafungui kabisa. Tulikuwa na maandazi ya njiani na mayai ya kuchemsha, basi. Jumapili tukapanda nayo mlimani. Tukakaa kwenye meza ya nje ya mkahawa mmoja wa huko juu, tukaagiza chai na supu moja ya gulash ili tusionekane wajeuri, nikawafungulia watoto maandazi. Mhudumu akaja, akaonyesha kibao: ni marufuku kula chakula ulichokuja nacho. Alikuwa na haki, mkahawa wake. Lakini alisema kwa sauti ya kuita mbwa, na meza nzima ya jirani ikageuka. Binti yangu alikuwa na miaka sita. Alilirudisha andazi kwenye mkebe, tayari ameshaling'ata, akafunga na kifuniko akakibonyeza pembe zote nne.

Nilinunua Kaiserschmarrn, ile chapati nene ya mayai iliyokatwakatwa na kunyunyiziwa sukari, mbili, na Skiwasser, yaani maji na sharubati ya rasiberi, nne. Na glasi ya maji ya bomba wakaitoza yuro 1.50. Sikula. Nilikaa naangalia bili.

Kwa hiyo Zermatt nilikwenda kwa hasira, sifichi. Nilitaka kituo kinachoogopwa, nikiweze. Tulipanga fleti yenye jiko, siyo hoteli. Nikapakia Munich: mchele, unga wa ngano, maharage niliyokwisha kuchemsha na kugandisha, vitunguu, iliki, tangawizi. Nyama nilipima, kwa sababu forodha ya Uswisi inaruhusu kilo moja tu kwa kichwa bila ushuru. Gari tukaliacha Täsch, maana Zermatt magari ya petroli hayaruhusiwi, tukapanda treni dakika kumi na mbili. Ukitoka tu stesheni kuna duka la Coop. Kabla hatujafungua hata mabegi niliingia nikanunua mkate, maziwa, mayai, ndizi, jibini, kila kitu chenye maandishi ya Prix Garantie, ile aina yao ya bei ya chini. Ukiona Migros, duka jingine la Uswisi, tafuta M-Budget, ni mchezo uleule.

Kila asubuhi saa 12 nilikuwa jikoni. Chapati zinakunjwa na maharage ndani, zinafungwa kwenye karatasi ya fedha, zinalala kifuani ndani ya koti ili zisigande. Chai ya tangawizi kwenye chupa, lita mbili, ileile. Saa 5 asubuhi, kabla umati haujaanza kutafuta meza, tunakaa kwenye benchi la nje, benchi la watu wote, siyo la mkahawa, tunakula tunatazama mlima Matterhorn. Siku moja Gornergrat, kilele kinachofikiwa kwa treni kutoka Zermatt, mita 3,089, nilipofungua kifuniko ule mvuke wa iliki ukatambaa, mzee mmoja wa Kiswisi akasogea akiwa na vijiti vyake mkononi akauliza kwa Kijerumani ni nini hicho. Nikammiminia kwenye kifuniko. Alikunywa kimya, akarudisha kifuniko, akatoa mfukoni kipande cha soseji kavu akakikata kwa kisu akawapa watoto. Nikamwangalia begi lake: naye ana chupa yake. Waswisi wenyewe wamejaa mabenchini na mikate yao! Anayekaa kuagiza rösti, viazi vilivyokwaruzwa na kukaangwa, ya faranga 26 kila mchana ni mgeni.

Nasi tulikula rösti, mara moja. Nilitenga. Siku ya nne tukakaa ndani, taulo za kitambaa, dirisha linaangalia barafu, kila mtu akachagua anachotaka bila kuniangalia usoni. Faranga 112. Watoto mpaka leo wanausimulia ule mchana. Milo ya Bansko hawakumbuki hata mmoja, wamebaki kukumbuka mpiga zumari.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, dada wa Birmingham. Mnalinganisha nchi na nchi, wakati kwenye mlima mmoja kuna bei tatu. Soda ya nusu lita ileile pale Zermatt niliiona dukani faranga 1.60, kwenye mkahawa wa kijijini 4.50, juu mlimani 6. Yaani tofauti ya kutoka chini hadi juu ni kubwa kuliko tofauti ya kutoka nchi hadi nchi. Ukikaa Uswisi ukala kwa bei ya chini ya mlima, unamshinda aliyekaa Bulgaria akala kwa bei ya juu mara tatu kwa siku.

Mimi hili nilipaswa kulijua kabla ya mtu yeyote. Nimezaliwa Marangu. Baba yangu alibeba mizigo ya wazungu Kilimanjaro miaka kumi na tisa, na tangu wadogo tunajua soda ya Mandara siyo bei ya soda ya Horombo, na ya Kibo usiulize. Ni vibanda vya kulala wapandaji: Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, na kila mita elfu moja ina mgongo wa mtu chini yake. (Kwa faida ya wanaoshangaa milima ya Ulaya: kibanda cha Kibo, pale tu mtu anapolala kabla ya kupanda kilele, kiko juu kuliko ncha ya Matterhorn yenyewe, mita 4,478. Nilimwambia yule mzee wa soseji. Alifikiri natania.) Kumbe nimevuka bahari kuja kujifunza jambo lililokuwa linaongelewa kila jioni jikoni kwetu.

Nchi nyingine nitazipitia upesi. Ufaransa, Val Thorens, mita 2,300: chakula ghali, lakini ukiagiza mlo maji ya bomba ni bure kwa sheria, sema tu carafe d'eau, wasikuuzie chupa. Vilevile uliza salle hors-sac. Vituo vingi vya Ufaransa vina chumba hicho, chenye meza na joto, maalumu kwa mwenye chakula chake. Nilipokiona mara ya kwanza nilimkumbuka yule mhudumu wa Tirol nikakaa humo saa nzima bila sababu. Italia, Livigno: hakuna kodi ya VAT, watu wanajaza matangi ya gari na mabegi ya manukato, lakini chakula cha mlimani hakijawa zawadi. Raha ya Italia ni kahawa. Kunywa umesimama kaunta, mimi nililipa yuro 1.50. Ukikaa mezani bei yaweza kubadilika, na kwenye mlo kuna coperto, ada ya kiti na mkate, kwa kila kichwa, hata kichwa cha mtoto. Na Bulgaria tangu 1 Januari 2026 wanatumia yuro, kwa hiyo leva zangu hizo ni historia, msizitumie kupigia hesabu.

Ushauri basi. Beba chupa ya chai. Panga nyumba yenye jiko. Kama ni Austria fika kabla ya Jumamosi saa 12 jioni, au njoo na vyakula vya siku mbili. Chupa ya chai usiisahau. Kula saa 5 au baada ya saa 8, siyo saa 7 na dunia nzima. Tenga mlo mmoja wa kukaa, mmoja, na siku hiyo usihesabu. Usifungue mkebe kwenye meza ya mwenye mkahawa. Zamu za kulipa, kataa, kila nyumba na bili yake, hata kama watakuita bahili. Na ile chupa.

Najua ugumu siyo hela. Ugumu ni macho ya watu. Sisi tuliotoka mbali tukifika mahali pa matajiri tunataka kuonekana tumefika, kwa hiyo tunaagiza ili meza ya jirani ione. Tunapiga picha ya sahani, tunarusha, wa nyumbani wanasema fulani kaula. Halafu Jumatatu fulani anaomba zamu za usiku kazini kufidia. Jamani, tuache. Mlima haujui ulikula nini. Nami najua sauti yangu imeshaanza kuwa ya mimbarani, mume wangu akisoma hapa atasema "amina mchungaji", lakini niliyaishi haya, na lile andazi lenye alama ya meno bado naliona.

Basi mwambie baba watoto: twendeni Uswisi, mradi unga unaingia kwenye gari. Kama hakuna wa kuamka saa 12 kukanda chapati, nendeni Bansko, na mle kijijini.

Tulipokuwa Zermatt nilimpigia baba simu, siku ile ya Gornergrat. Nilikuwa nimenunua soda moja, ya mwanangu, baada ya kunililia kutwa. Baba akauliza huko juu soda bei gani. Nikamwambia faranga 6, kama shilingi 18,000.

"Nani kaipandisha?"

"Treni, baba. Ya umeme."

"Hakuna mtu aliyebeba?"

"Hakuna."

Akanyamaza. "Haina mgongo," akasema, "halafu elfu kumi na nane." Akampa mama simu.