Maswali ya wasomaji: Salamu za darasa kwenye msiba wa mwenzetu

SWALI: Tuliyesoma naye kidato cha kwanza hadi cha nne amefariki, ameacha mke na watoto watatu. Anazikwa Jumamosi kwao Kibosho, na wenzangu wamenichagua nisome salamu za darasa. Miaka mingi imepita, maisha yake ya sasa siyajui vizuri. Nianzie wapi?
Msomaji, Moshi

JIBU: Poleni sana. Maisha yake ya sasa yaache, yatasomwa kwenye wasifu: kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, kuugua. Watoto wake walimkuta ameshakuwa baba. Yule kijana wa miaka 15 aliyelala kitanda cha juu bwenini hawakumwona, na nyinyi ndio mnaye. Wapelekeeni huyo.

Leo usiku uliza kwenye kundi lenu la WhatsApp swali moja jembamba: "Taja jambo moja ulilomwona akilifanya kwa macho yako." Ukiuliza alikuwa mtu wa namna gani, utajibiwa mcheshi, mpole, mwenye upendo, maneno yanayomfaa marehemu yeyote. Wewe unatafuta jambo linaloonekana: kwamba alilaza suruali ya shule chini ya godoro ili asubuhi iwe na mkunjo, kwamba zamu yake ya kuchota maji hakuna aliyewahi kumwamsha. Chagua mawili tu, na kila moja lithibitishwe na watu wawili, maana baada ya miaka mingi tunachanganya nani alifanya nini. Jina la utani usilitaje kabla ya kumuuliza mjane au kaka wa marehemu. Habari za wachumba wa zamani, pombe na adhabu ziacheni, hata kama darasa zima lilicheka siku ile.

Maneno 300 yanatosha, ni kama dakika 3 ukisoma taratibu. Yapige chapa kwa herufi kubwa kwenye karatasi moja, kwa sababu machozi yakija mwandiko wa mkono hausomeki. Mwenzako awe na nakala, asimame karibu, aendelee pale utakaposhindwa. Mapema asubuhi mtafute mwenyekiti wa kamati ya msiba uhakikishe salamu za darasa zimo kwenye ratiba. Wasiofanya hivyo ndio wanaokatwa, kwa kuwa ibada ina saa yake, na kama ni masika, njia ya kushuka migombani huteleza na kila mtu anataka mazishi yaishe kabla ya mvua.

Ukimaliza, karatasi usiondoke nayo mfukoni. Andaeni nakala safi yenye majina ya wote mliochangia kumbukumbu, mmpe mjane. Mtoto mdogo kabisa huenda asikumbuke chochote cha siku hiyo, ila ataisoma akikua.

Picha za shule nazo zina thamani kubwa hapa. Zilizoganda kwenye albamu za gundi msizibandue, uso wa mtu huchanika. Zipigeni zikiwa humo humo, karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera, simu ikiwa sambamba na picha. Andikeni mwaka na nani amesimama wapi, kuanzia kushoto.

SWALI: Tumechanga rambirambi. Wengine wanataka shada kubwa na fulana zenye picha ya marehemu, wengine wanasema ada za watoto. Na fedha tumkabidhi nani?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ada. Shada moja la kawaida linatosha. Fedha zipokelewe kwenye simu ya mtu mmoja, lakini orodha ya majina na kiasi aishike mwingine, na mizania iwekwe kila jioni ili wote waione. Toeni makato ya kutoa fedha mapema, kiasi mtakachotangaza kiwe kile kile kitakachofika mkononi. Mkabidhini mjane mwenyewe, mbele ya ndugu mmoja wa mume, pamoja na orodha. Sehemu ya ada ibaki hadi matanga yaanuliwe, maana siku za msiba fedha huishia kwenye sukari, maturubai na usafiri. Ahadi ya kusomesha msiitangaze kaburini kabla fedha hazijapatikana. Watoto wanasikia, na wataihesabu.

Msaada mwingine ni wa kumsindikiza mjane kufuatilia cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Bila hicho, benki, mifuko ya hifadhi ya jamii na mahakama ya mirathi hazisogei. Kabla hakijaandikwa, linganisheni jina na kitambulisho cha taifa (NIDA), hati za benki na cheti cha kidato cha nne. Wengi walitumia shuleni jina la ubatizo na babu, kazini wakatumia la ukoo. Tofauti hiyo huhitaji kiapo kwa wakili, na nyinyi ndio mnaojua aliitwaje darasani. Ugawaji wa mali msiuguse, ni wa familia na mahakama.

Wiki ya mwisho ya Desemba mpigieni simu mmuulize mahitaji ya shule. Wekeni ukumbusho kwenye simu za watu wawili, sasa hivi.