Jibu: Usukani wa CG125 unanasa katikati

Habari mkuu. Umesema pikipiki yako ya zamani, Honda CG125, usukani unanasa ukiwa umenyooka, na ukishika breki ya mbele inagonga "ko!" Pia umeuliza kuhusu shokapu ya mbele kuvuja mafuta. Usikimbilie shokapu. Yangu ilinifanyia hivyohivyo nikibeba dagaa kutoka soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, nikanunua shokapu bure, kumbe golori za usukani.

Weka stendi ya kati, mtu akalie nyuma tairi la mbele lielee. Zungusha usukani kwa kidole kimoja, taratibu. Ukiingia katikati kama kwenye kashimo, vikombe (vyuma vya duara ambamo golori huzunguka) vimeliwa. Kukaza nati ya usukani kutakuongezea ugumu tu. Kisha chuchumaa, shika shokapu chini, vuta na sukuma. Ikicheza, gusa pale usukani unapoingia kwenye fremu usikie mchezo unatoka wapi, maana beringi za tairi nazo hudanganya. Nilipofungua yangu, grisi ilikuwa uji wa kutu.

Badilisha vikombe na golori zote kwa pamoja.

Kuhusu kuvuja: futa bomba la shokapu, bonyeza mara kadhaa. Likibaki duara la mafuta, sili (mpira unaozuia mafuta yasitoke) imekwisha. Ila pitisha ukucha kwanza. Kutu ikikwaruza, itakata na sili mpya. Bomba likiwa limepinda, mimi sigusi, nampelekea fundi.