Namba yako ndio inakutaja kwanza

Wateja wengi wananiuliza hapa Kondele, Kisumu, penye natengeneza simu, eti serikali inasoma WhatsApp yangu? Meseji ikiwa njiani imefungwa, hata kampuni ya simu haiwezi kuisoma. Lakini ile grupu yenye mko watu mia mbili na hamjuani, mmoja akipiga skrinshoti namba yako iko hapo wazi, na laini imesajiliwa na kitambulisho chako, sasa mtu anahitaji mtambo wa nini tena?

Tangu Juni 2025 watu huku wana uoga na ni haki yao. Albert Ojwang, mwalimu, alichukuliwa Homa Bay juu ya posti kwa mtandao wa X, akapelekwa mpaka Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Inaniuma mpaka leo. Sikwambii unyamaze, nakwambia jipange.

Mambo ya mipango ongea na watu unawajua kwa sura, na uweke meseji zijifute. Kwa simu toa alama ya kidole uweke PIN ya tarakimu sita, kwa sababu kidole mtu anaweza kukishika kwa nguvu akabonyeza, ya kichwani hawezi.

Sasa hii watu hawaijui kabisa: simu ikiwa loki mtu anachomoa tu laini anaiweka kwa simu yake, anaomba kodi ya WhatsApp, yaani zile namba za kuhakikisha zinatumwa kwa SMS, inaingia kwake, anaanza kuongea na watu wako kama wewe. Kwa hivyo weka PIN ya laini yenyewe, halafu uingie WhatsApp uwashe ile hatua ya pili ya kuhakikisha. Na bakapu ya WhatsApp kwa Google, ile nakala ya chati zako, pia uifunge na paswadi, usipofanya hivyo chati za zamani hukaa huko bila kufungwa kama zile za njiani.

Sheria ya Kenya ya makosa ya mtandao ya 2018 ilitoka kali, kwa posti ya uongo iliweka faini ya mpaka shilingi milioni 5 ama mpaka miaka 10 ndani, so kitu hujathibitisha usifowadi. Lakini sheria hiyohiyo inataka polisi wawe na waranti ya korti ndio wapekue data ya simu yako, na Katiba kifungu cha 49 inakupa haki, ukishikwa, ya kuongea na wakili na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, ama siku ya korti inayofuata kama saa hizo zimeisha korti ikiwa imefungwa.

Omera, namba ya wakili na ya ndugu yako ziandike kwa karatasi uweke mfukoni, juu simu ndio kitu cha kwanza watachukua.