Wasomaji Wanauliza: Programu Yako Kwenye Simu Halisi Kabla ya Kwenda Dukani

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu waliojiandikia programu wenyewe. Kwenye emuleta, ile simu ya kuigiza iliyo ndani ya kompyuta, kila kitu kimekwenda sawa. Sasa wanataka kuipeleka kwa watu, na simu halisi inawagomea.

Nimetengeneza programu ya hesabu za kikoba chetu. Nimechomeka Tecno yangu kwenye kompyuta, simu inachaji vizuri, ila kompyuta haiioni kabisa. Tatizo ni simu? — Msomaji, Morogoro

Kabla ya kuilaumu simu, badilisha waya. Waya nyingi za bei ya chini zina nyuzi mbili za umeme tu, na zile za kupitisha data hazimo. Tumia iliyokuja na simu, au jaribu kwanza kunakili picha moja kwenda kwenye kompyuta. Picha ikipita, waya ni mzima.

Kisha fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, tafuta Nambari ya muundo na uigonge mara 7. Menyu ya wasanidi itafunguka, na humo uwashe Utatuzi wa USB. Ukichomeka tena, simu itauliza kama unaiamini kompyuta hii: kubali. Kwenye dirisha la amri la kompyuta andika `adb devices` (adb ni chombo cha Android cha kuongea na simu kutoka kwenye kompyuta). Ukiona neno `unauthorized`, swali hilo bado linakusubiri kwenye kioo cha simu, pengine kwa sababu kioo kilikuwa kimefungwa. Orodha ikiwa tupu na unatumia Windows, huenda draiva ya simu, programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuitambua, haijawekwa. Baadhi ya simu pia hudai uchague kuhamisha faili badala ya kuchaji tu.

Ikishaonekana, kuna mtego mmoja unaowapata wengi siku hiyo hiyo. Kwenye emuleta, anwani 10.0.2.2 maana yake ni kompyuta yako. Kwenye simu halisi haimaanishi hivyo, kwa hiyo programu itafunguka lakini data haitakuja. Kama seva yako, yaani programu iliyo kwenye kompyuta na inayotoa data, inasikiliza kwenye mlango namba 8000, andika `adb reverse tcp:8000 tcp:8000`, kisha ndani ya programu tumia `localhost:8000`. Na kama anwani inaanza na http badala ya https, kumbuka kwamba programu zinazolenga Android 9 na kuendelea huizuia isipokuwa umeiruhusu mwenyewe. Iruhusu kwenye toleo la majaribio tu.

Nikiiweka kwa waya programu inafanya kazi bila kasoro. Nimeipakia Play, duka la Google, kwa majaribio ya ndani, nikaipakua kwenye simu ile ile: kuingia kwa akaunti ya Google kunakataa na kosa namba 10, ramani haionekani, na orodha ya bidhaa ni tupu. Sijabadilisha hata herufi moja. — Msomaji, Kisumu

Msimbo ni ule ule, lakini ulichopakua sicho ulichokuwa unajaribu, na hili ndilo jambo tunalotamani kila msanidi alijue mapema. Una matatizo mawili tofauti.

La kwanza ni saini. Ukiiweka kwa waya, programu husainiwa kwa ufunguo wa majaribio uliotengenezwa na kompyuta yako. Unapopakia, unasaini kwa ufunguo wako wa kupakia. Halafu Google huisaini upya kwa ufunguo wa tatu, wanaoutunza wao, na huo ndio unaofika kwa mtumiaji. Huduma ya kuingia na ya ramani hukutambua kwa alama ya SHA-1 ya saini, mfuatano wa herufi na tarakimu unaoitambulisha saini hiyo, na wewe inaonekana umesajili ile ya kwanza peke yake. Fungua Play Console, ukurasa wa Google wa wasanidi, tafuta sehemu ya saini za programu, nakili SHA-1 ya ufunguo wa Google na uiongeze kwenye mradi wako wa Firebase au Google Cloud. Ongeza na ya kupakia. Zile za kompyuta yako utazipata kwa `./gradlew signingReport`.

La pili ni orodha tupu. Toleo la dukani mara nyingi hupitishwa kwenye R8, chombo kinachopunguza ukubwa kwa kutupa msimbo usiotumika na kufupisha majina. Kama unasoma JSON, yaani data ya maandishi inayotumwa na seva, kwa maktaba ya Gson, sehemu uliyoiita `bei` inaweza kugeuka `a`. Seva inatuma `bei`, programu inatafuta `a`, haiipati, inaacha thamani tupu. Haianguki wala hailalamiki, ndiyo maana kosa hili linachosha kulitafuta. Weka `@SerializedName("bei")` juu ya kila sehemu, au andika kanuni ya kuyaacha madarasa hayo yalivyo. Hifadhi na faili la `mapping.txt` la kila toleo, linaloonyesha jina lipi liligeuzwa kuwa lipi, maana bila hilo ripoti ya programu iliyoanguka itakuwa herufi zisizosomeka.

Wanaotumia Flutter, zana ya Google ya kuundia programu, waangalie jambo moja zaidi. Ruhusa ya INTERNET huja yenyewe kwenye toleo la majaribio, lakini kwenye manifesti kuu, faili linaloorodhesha ruhusa za programu, lazima uiandike kwa mkono. Ukisahau, toleo la dukani halitafika kwenye mtandao kabisa.

Kuanzia sasa, jaribio la mwisho lifanye kwa kifurushi kilichopakuliwa Play. Futa kwanza kile cha waya, maana saini zikitofautiana simu itakataa kukiweka juu yake.

Programu yangu inakumbusha wagonjwa kumeza dawa. Mezani kwangu inalia kwa wakati, ila mama aliyeijaribu nyumbani anasema usiku haikulia. — Msomaji, Tanga

Mezani simu yako imechomekwa waya, na simu inayochaji hailali usingizi mzito. Tangu Android 6, simu isiyochajiwa, iliyotulia mahali pamoja na kuzimwa kioo, huingia katika hali iitwayo Doze: kazi za nyuma husimamishwa na kengele za kawaida huahirishwa. Ndivyo simu ya mama huyo inavyokaa kando ya kitanda usiku kucha.

Huna haja ya kusubiri usiku. Weka ukumbusho wa dakika 5 mbele, zima kioo, kisha andika `adb shell dumpsys battery unplug` ikifuatiwa na `adb shell dumpsys deviceidle force-idle`. Kengele isipolia, umeliona kosa kwa macho yako. Ukimaliza, rudisha hali kwa `adb shell dumpsys deviceidle unforce` na `adb shell dumpsys battery reset`.

Tiba kwenye msimbo ni `setExactAndAllowWhileIdle`, au `setAlarmClock` kwa dawa zisizovumilia kuchelewa. Hizo zina masharti. Kuanzia Android 12 kengele za wakati kamili zinahitaji ruhusa maalumu, na kwenye Android 14 programu mpya hazipewi ruhusa hiyo hadi mtumiaji aiwashe mwenyewe. Android 13 nayo inadai ruhusa ya kuonyesha arifa. Yajaribu yote kwa kukataa kwanza: bonyeza "Usiruhusu" na uone kama programu inamweleza mgonjwa kwamba kikumbusho hakitalia. Programu ya dawa inayonyamaza ni hatari kuliko kutokuwa nayo.

Zima simu na uiwashe. Kengele zote hufutika simu inapozimwa, hivyo lazima programu izipange upya inapopokea taarifa ya `BOOT_COMPLETED`, yaani simu imemaliza kuwaka. Mwisho, simu za kampuni kadhaa zina kidhibiti cha betri chao wenyewe, kikali kuliko cha Android, kinachofunga programu zisizo kwenye orodha ya zilizoruhusiwa. Hicho emuleta haina. Andaa ukurasa mfupi wa kumwelekeza mtumiaji mahali pa kuiruhusu programu yako.

Ni kweli Google wanadai watu 20 wa kujaribu kabla ya programu kwenda dukani? Nina wanane tu. — Msomaji, Mombasa

Walikuwa 20, tangu Desemba 2024 ni 12. Sharti hilo linazihusu akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023. Akaunti za kampuni au taasisi hazimo. Watu hao 12 lazima wawe wamejiunga na jaribio lililofungwa, lile la walioalikwa tu, kwa siku 14 mfululizo. Wengi hukwama kwenye neno kujiunga: kuandika barua pepe zao kwenye orodha hakutoshi, kila mmoja lazima afungue kiungo kwa akaunti ile ile ya Google na akubali. Jaribio la ndani, linalochukua hadi watu 100, halihesabiwi. Tafuta 15 au 16, maana kuna atakayebadilisha simu au kujitoa katikati.

Usinunue wajaribu. Waombe wenye simu tofauti na yako, na mpe kila mmoja kazi mahususi, mfano "sajili wanachama watatu, kisha futa mmoja".

Nipo Muscat, nina iPhone lakini sijalipia akaunti ya Apple. Naweza kujaribu? — Msomaji, Oman

Unaweza, ukiwa na Mac yenye Xcode, zana ya Apple ya kuundia programu. Kwa akaunti ya bure programu itakaa kwenye simu yako siku 7, kisha utaiweka upya. Kwenye iOS 16 na kuendelea washa kwanza hali ya msanidi, iliyo chini ya Faragha na Usalama. Kuwagawia wengine kupitia TestFlight, huduma ya Apple ya kugawa matoleo ya majaribio, kunahitaji uanachama wa dola 99 kwa mwaka. Hapo unapata wajaribu wa ndani 100 na wa nje hadi 10,000, na kila toleo huisha muda baada ya siku 90.

Siwezi kununua simu kumi. Ngapi zinatosha? — Msomaji, Dodoma

Tatu, hata kama mbili kati yake ni za kuazima: moja ya RAM GB 2 yenye hifadhi iliyokaribia kujaa, moja yenye Android mpya kabisa, na ya tatu ya kampuni tofauti na hizo. Ile ya GB 2 ndiyo mwalimu. Fungua programu yako, jaza fomu nusu, kisha fungua kamera na kivinjari. Ukirudi, simu huenda imeshaifunga programu ili kupata nafasi, na fomu iko tupu. Kama huna simu dhaifu, washa "Usihifadhi shughuli" kwenye menyu ya wasanidi: kila ukurasa unaouacha utaharibiwa papo hapo. Ongeza pia ukubwa wa maandishi hadi mwisho uone kama kitufe cha kutuma bado kipo kwenye kioo.

Kisha mtandao. Bonyeza "Tuma" na uzime data papo hapo, subiri sekunde 10, iwashe, ubonyeze tena. Angalia seva: kama mchango wa mwanachama umeingia mara mbili, kila ingizo lipewe namba yake ya pekee na simu yenyewe kabla ya kutumwa, na seva ikatae namba iliyokwisha kuipokea.