Shija si jina la ukoo

SWALI: Naandika kuhusu watafiti wanaotumia majina kuchunguza jenetiki ya watu na mipaka ya maeneo. Niyaite majina ya ukoo, ya ubini au ya mwisho? Nataka kuyahesabu na ya hapa Mwanza. (Mwanafunzi, Nyegezi)

JIBU: Kwa utafiti wa Uingereza, andika jina la ukoo bila wasiwasi. Kule jina hushuka kutoka kwa baba hadi kwa mwana, vizazi na vizazi, sambamba na kromosomu Y, sehemu ya urithi ambayo baba humpa mwanawe wa kiume tu. Ndiyo maana mwaka 1875 George Darwin, mtoto wa Charles Darwin yule wa nadharia ya mageuko ya viumbe, aliweza kutumia ndoa za watu wenye jina moja kukadiria ndoa za mabinamu. Waliomfuata wakachora ramani: majina yanapobadilika ghafla, huenda pana mlima, mto au mpaka wa kale uliozuia watu kuoana.

Ubini umetokana na "bin" ya Kiarabu, mwana wa fulani. Uache kwa jina la baba.

Kinachonikera ni fomu zetu. Nafasi ya tatu imeandikwa "jina la ukoo", nasi tunajaza jina la babu. Ni uongo tuliouzoea mpaka tunauona Kiswahili sanifu!

Mchukue mzee Shija wa Magu. Kwa Wasukuma pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, na anayezaliwa nyuma yao ni Shija. Mwanawe ni Mabula Shija. Mjukuu ni Masanja Mabula Shija, na fomu inadai ukoo wake ni Shija. Kitukuu ni Kulwa Masanja Mabula. Shija katoweka, ukoo eti sasa ni Mabula, na damu ni ileile. Wakati huohuo mjukuu wa Shija mwingine, wa Sengerema, asiye na udugu wowote na hawa, anawekwa nao ukoo mmoja. Ukiwahesabu akina Shija wote wa Mwanza, hujahesabu ukoo hata mmoja. Umehesabu mababu waliozaliwa baada ya mapacha.

Mipaka ipo kwenye majina yetu, sikatai. Toka Rorya kwa akina Otieno, pita Tarime kwa akina Chacha, shuka hadi Magu: lugha inabadilika na majina yanabadilika nayo. Lakini huo ni mpaka wa lugha. Otieno kwa Wajaluo ni aliyezaliwa usiku, na usiku haurithiwi.

Zipo familia, hasa za mjini, zilizoamua kushikilia jina la babu mmoja lisibadilike tena. Hizo niziache. Likidumu vizazi kadhaa litakuwa la ukoo kweli, nami sitabisha.

Kwenye tasnifu yako, basi, majina ya tatu ya Mwanza yaite majina ya babu. Ukitaka ukoo wa mtu, muulize yeye au wazee wake. Wasukuma wana koo zao, ila hazimo kwenye kitambulisho.